Nungunungu Muuza Chumvi

Paukwa.

Pakawa.

Wa mlangoni sijawasikia. Paukwa.

Pakawa.

Haya, sasa mmefika wote. Mwenye mtoto ampakate, mwenye karanga agawe, tuanze.

Hapo zamani za kale, zamani ambazo hata babu wa babu zetu walizisikia tu, wanyama walikuwa na gulio lao. Gulio hilo lilikuwa uwandani, chini ya kilima cha mawe, karibu na kivuko cha mto. Siku ya gulio kila mnyama alikuja na alichonacho. Kanga alileta mtama. Fuko alileta viazi vya mwituni. Digidigi alileta matunda ya mkuyu. Ulitoa chako, ukachukua cha mwenzako, mkaagana. Fedha haikuwepo, na kwa kweli hakuna aliyeikosa.

Kila mnyama alikuwa na chake anachokipenda, lakini kitu kimoja kilitafutwa na wote. Chumvi. Wenye kwato waliitaka. Wenye kucha waliitaka. Wenye mabawa waliitaka. Mama anayenyonyesha aliitaka kuliko wote.

Wauza chumvi walikuwa wawili, Ngiri na Nungunungu.

Ngiri alitandika mkeka wake pale njia inapotoka kivukoni, mahali ambapo kila mtu lazima apite. Alikuwa mchapakazi, hilo tusimnyime. Chumvi yake ilikuwa na mchanga kidogo, lakini ni chumvi. Alichota kwa kibaba cha kifuu, kikajaa, kisha akapitisha jino lake refu juu yake, shwaa. Chumvi yote iliyozidi ikarudi kwenye lundo. Hicho ndicho kibaba cha mfuto, kilichofutwa juu kikawa sawasawa. Ngiri hakumwibia mtu. Ila hakumwongezea mtu hata chembe.

Nungunungu alikaa mwisho kabisa wa gulio, kwenye mawe. Chumvi yake ilikuwa safi, nyeupe, ameichimba ndani kabisa ya pango. Lakini nani aende? Akiinama kuchota, miiba inasimama. Akigeuka kukupa, miiba inatangulia. Chaka-chaka-chaka. Siku moja alimchoma Digidigi puani, bila kukusudia, na tangu hapo wanyama wakampungia mkono kwa mbali, wakaenda kwa Ngiri.

Nungunungu akakaa. Asubuhi akakaa. Mchana akakaa. Jioni akakusanya chumvi yake, akarudi nayo pangoni.

Na pango lenyewe lilikuwa linavuja. Mwaka uliopita mvua za masika zilikuta lundo la chumvi bado limejaa. Maji yakaingia, chururu, chururu, na lundo likayeyuka mbele ya macho yao, likatoka nje likaenda mtoni. Nungunungu na mkewe, Mama Miiba, wakapitisha msimu wote wa baridi wakitafuna magome ya miti. Watu wazima wanaweza kutafuna magome ya miti. Lakini mwaka huu Mama Miiba alikuwa mjamzito. Kwa hiyo jambo lilikuwa hili tu: chumvi itoke pangoni, chakula kiingie, kabla mvua hazijanyesha.

Mnanifuata?

Basi siku moja ya gulio alipita Mama Ndezi. Mama Ndezi alikuwa mjane, anakaa kwenye matete ya mtoni na watoto wake wengi. Moto wa nyika ulikuwa umepita kwenye shamba lake, hakubakiwa na kitu. Alichagua mkeka wa Nungunungu kwa sababu haukuwa na watu. Akaomba, kwa sauti ya chini, kama angeweza kuokota zile chembe zilizomwagika chini ya mkeka.

Nungunungu akamtazama. Akachukua kifuu chake, akachota, kikajaa, kikapanda juu kama kichuguu kidogo. Kibaba cha tele. Akamimina kwenye kikapu cha yule mama. Mama Ndezi akashukuru, akaenda zake.

Kwa nini alifanya vile? Labda ni huruma. Labda ni uchovu wa kukaa bure tangu asubuhi, mkono ulikuwa unawasha kwa kukosa kazi. Yeye mwenyewe hakujiuliza.

Lakini Digidigi aliona. Alikuwa amesimama karibu, na matunda yake kwenye mfuko. Akawaza kwamba anayetoa namna ile hawezi kuwa alimchoma kwa ubaya. Akasogea. Akanyoosha shingo kwa tahadhari, akabadilishana. Pelele, yule mnyama mdogo wa mawe, alipomwona Digidigi ametoka salama, naye akaja. Kisha Fuko. Jioni ile Nungunungu alirudi nyumbani na viazi, na matunda, na mtama kidogo, miiba yake inacheza mgongoni.

Akamsimulia mkewe yote. Akasema amegundua siri ambayo Ngiri hajaigundua: wema unavuta wateja.

Mama Miiba alikuwa anakula kiazi. Akakimaliza kwanza.

"Basi fanya tena," akasema. "Ila fanya vilevile ulivyofanya."

Nungunungu alisikia ile sehemu ya kwanza. Ya pili ilimpita.

Akawaza usiku kucha. Kama wema ulioonekana na Digidigi peke yake umeleta wateja wachache, je, wema ulioonekana na gulio zima utaleta wangapi? Kulipokucha akaenda kwa Hondohondo. Mnamjua Hondohondo, yule ndege wa mdomo mkubwa. Akilia huku, ng'ambo ya mto wanageuka. Wakapatana: Hondohondo atakaa juu ya jiwe, juu ya mkeka wa Nungunungu, na atatangaza. Ujira wake ni chumvi ya kulamba. Hondohondo akauliza atangaze nini. Nungunungu akamwambia atangaze anachokiona.

Siku ya gulio ikafika. Mama Ndezi akaja, safari hii na watoto, kwa sababu ile chumvi ya kwanza ilikuwa imekwisha na alikuwa na mategemeo. Akaja pia Kobe, ambaye mguu wake mmoja ulikuwa umevunjika na hakuweza kulima.

Hondohondo akajaza kifua.

"Hodo-hodo-ho. Jamani, njooni muone. Kobe huyu hapa, mguu hana, chakula hana, Nungunungu kampa. Hodo-hodo-ho. Mama Ndezi huyu hapa, kikapu kitupu, watoto mbavu nje, Nungunungu kampa. Nani mwema kama Nungunungu? Njooni muone."

Wakaja. Ee, walikuja. Waliacha vya kwao wakaja kuona. Walizunguka mkeka, wakamsifu Nungunungu, wakasema kumbe chini ya miiba ile mna moyo, na wakiwa wamefika tayari wakabadilishana chumvi. Siku hiyo Nungunungu alitoa chumvi nyingi kuliko siku zote za maisha yake.

Mama Ndezi alisimama katikati na kikapu chake. Hakujua atazame wapi. Alitazama miguu yake. Kisha akawakusanya watoto, akaondoka. Alipita katikati ya gulio, na gulio likampisha.

Gulio lililofuata, Hondohondo akapanda juu ya jiwe. Hodo-hodo-ho. Akaita. Hakuja mtu. Akaita tena mpaka koo likakauka, Nungunungu akampa maji. Mama Ndezi hakuja. Kobe hakuja. Hao tunaweza kusema labda walikuwa bado na chumvi. Lakini Digidigi naye alipita na mfuko wake umejaa, akageuza uso upande wa pili. Na Fuko, ambaye haoni vizuri, siku hiyo aliona njia ya kumkwepa.

Nini kilitokea? Nitawaambieni, kwa sababu Nungunungu mwenyewe hakuambiwa.

Gulio lile lililopita Pelele alikuwa amebadilishana chumvi kwa mtama wake mwenyewe, mtama mzuri. Alipokuwa anarudi alikutana na Ngedere mtini. Ngedere akamwona na chumvi nyeupe ya Nungunungu. Akamuuliza, "Na wewe Pelele umefulia? Pole, ndugu yangu. Tungejua tungekuchangia." Wote waliokuwa kwenye mti wakacheka. Pelele akaapa kwamba alilipa. Kadiri alivyoapa ndivyo walivyocheka.

Basi habari ikaenea. Kuonekana na chumvi ya Nungunungu kukawa ni kuonekana umeishiwa. Wasio na kitu wakaogopa kwenda, wasije wakatangazwa. Wenye kitu wakaogopa kwenda, wasije wakadhaniwa hawana. Wote wakaenda kwa Ngiri, wakapokea kibaba cha mfuto na mchanga kidogo, na heshima zao mkononi.

Jioni Ngiri akaja mpaka kwenye mawe. Si kwamba alikuwa na chuki. Alikuwa amefurahi tu, na mwenye furaha hutafuta mtu wa kumwonyesha.

"Jirani," akasema, "nimekuja kutoa shukrani. Tangu uanze wema wako, mimi sipati hata nafasi ya kujikuna."

Nungunungu akaendelea kukunja mkeka. Alikuwa anatazama ng'ambo ya mto. Kule mbali, milimani, mawingu yalikuwa yameanza kukaa.

Alifika nyumbani na hasira. Akasema wanyama wote hawana shukrani, kuanzia wenye pembe mpaka wasio na mkia. Akasema amewapa bure, na wao wamempa mgongo. Akasema mengi, na miiba ikawa inagonga ukuta wa pango, chaka, chaka. Mama Miiba alikuwa amelala ubavu kwa sababu tumbo limekuwa zito. Alimsikiliza mpaka akachoka kusema.

"Umewauliza?" akasema.

Hakuwa amewauliza.

Asubuhi akateremka mtoni. Mama Ndezi alikuwa mlangoni kwake, anashona kikapu. Watoto walipomwona Nungunungu wakaingia ndani kimya kimya, mmoja mmoja, kama maji yanavyoingia mchangani. Mama Ndezi akamkaribisha. Akampa maji ya kunywa na mahali pa kukaa, maana mgeni ni mgeni. Wakajuliana hali. Nungunungu akasema mkewe hajambo, tumbo tu. Mama Ndezi akasema kwake wote wazima.

"Mama Ndezi," akasema Nungunungu, "siku hizi huji. Chumvi yangu ina kasoro?"

"Haina kasoro, Baba Miiba. Chumvi nzuri."

"Basi nimekukosea nini? Nilikupa, sikukudai."

Mama Ndezi akaingiza ukindu kwenye kikapu, akauvuta, akaukaza.

"Ulinipa kibaba cha chumvi," akasema, "ukachukua jina langu. Kabla ya siku ile nilikuwa Mama Ndezi. Shida nilikuwa nayo, lakini ilikuwa yangu, iko ndani kwangu. Sasa watoto wangu wakienda kunywa maji, wenzao wanawaita watoto wa bure. Mkubwa amekataa kwenda mtoni. Anakunywa umande."

Nungunungu akatazama chini. Alikuwa na maneno aliyoyaandaa njiani, na yote yakaonekana hayafai.

"Nilitaka wateja," akasema mwishowe. "Sikutaka kukuumiza. Nilitaka wateja tu, kabla ya mvua."

"Najua. Na hilo wala halikuniudhi. Kila aliyetandika mkeka pale anataka wateja. Ile siku ya kwanza uliponipa, Digidigi akaja nyuma yangu, nilimwona. Nilifurahi. Nilijisemea, na mimi leo nimemfaa mtu. Lakini siku ya pili ulinisimamisha pale kama chungu kinachouzwa, wapitaji wananitazama ndani."

Hakupaza sauti. Alisema vile mtu anavyosema maziwa yamemwagika. Kisha akamuuliza kama angependa maji zaidi.

Nungunungu akarudi polepole kwa njia ya kando ya mto. Kwanza akawaza aache kutoa kabisa. Awe kama Ngiri, kibaba cha mfuto, shwaa, basi. Lakini Ngiri hana miiba, na Ngiri anakaa njiani. Yeye akifanya kama Ngiri atarudi kule alikokuwa, kwenye mawe, peke yake. Halafu akawaza amwombe radhi Mama Ndezi hadharani. Atamwambia Hondohondo apande juu ya jiwe atangaze kwamba Nungunungu anamwomba radhi Mama Ndezi kwa kumtangaza kuwa hana kitu. Wazo hili lilimpendeza sana. Alitembea nalo hatua kadhaa kabla hajasimama ghafla katikati ya njia na kuona aibu peke yake.

Mnacheka. Lakini wangapi wetu tungetembea nalo mpaka nyumbani?

Akiwa amesimama pale, mtu akamsalimu kutoka ndani ya matete. Akaitikia. Yule mtu akamuuliza kuhusu mawingu, kama yatafika mapema mwaka huu. Wakazungumza. Walikuwa karibu, karibu sana, pumzi zinasikika, katikati ni ukuta wa matete tu. Wakaagana, na nyayo zikaenda zake. Nungunungu hakujua kama ni Kuro au ni Pofu au ni nani. Naye yule mtu hakuiogopa miiba, kwa sababu hakuiona.

Nungunungu akasimama kidogo. Kisha akaanza kukata matete.

Kazi ile walifanya wawili, yeye na mkewe. Mama Miiba alikaa chini na kusuka, Nungunungu akasimamisha miti. Kiambaza kikatoka, kirefu, kizito, jicho halipenyi. Wakaacha matundu mawili. Tundu la chini la kupitisha kikapu. Tundu la juu la kupitisha ulichokuja nacho, kikaangukia ndani ya mtungi mkubwa. Muuzaji huku, mnunuzi kule. Kikapu kinaingia kitupu, kinatoka na kibaba cha tele. Kila kikapu, cha mkubwa na cha mdogo, kibaba cha tele. Mwenye kutoa kiazi anapata tele. Mwenye kutoa jani la mti anapata tele. Nani katoa nini, mtungi ndio unajua, na mtungi hauna mdomo wa kusema.

Mama Miiba akasuka, akasuka, kisha mikono ikasimama.

"Na mtu akitia jiwe?"

"Atakuwa ametia jiwe."

"Na wote wakitia mawe?"

Nungunungu akashindilia mti ardhini. Mama Miiba akaweka mkono tumboni.

"Hapo tutatafuna magome," akasema. "Mimi na wewe na huyu."

"Na chumvi ikibaki pangoni, tutatafuna nini?"

Mama Miiba akawaza juu ya hilo. Nje upepo ulikuwa umeanza kuwa na harufu ya maji. Akaokota tete jingine, akaendelea kusuka.

Siku ya gulio la mwisho kabla ya mvua, wakasimamisha kiambaza kwenye mawe. Hondohondo akaja, akapanda mahali pake, akauliza leo atangaze nini.

"Tangaza chumvi," akasema Nungunungu. "Watu usiwatangaze."

Hondohondo alishangaa kidogo, lakini kazi ni kazi. Hodo-hodo-ho. Chumvi nyeupe. Kibaba cha tele. Kwa kila mtu. Toa ulichonacho. Hodo-hodo-ho.

Wanyama wakakitazama kile kiambaza kwa mbali. Ngiri kutoka mkekani kwake akauliza kama jirani yake amehama au ameona haya. Wakacheka. Asubuhi ikapita. Jua likapanda nyuma ya mawingu. Nungunungu alikaa huku ndani, gizagiza, anatazama lile tundu la chini. Mwanga tu. Mwanga tu.

Kisha mwanga ukazibika. Kikapu.

Kilikuwa kikapu cha kawaida. Hakukitazama sana. Akachota, kifuu kikajaa, kikapanda juu, akamimina. Kikapu kikatoka. Juu, kitu laini kikaanguka mtungini. Pwa. Hakugeuka kuangalia.

Kikaja kikapu kingine. Pu, kiazi. Kikaja kingine. Shaa, mtama. Huko nje mtu alikuwa ameondoka na chumvi, na Ngedere juu ya mti alikuwa amefungua mdomo aseme, na hakupata la kusema. Amwambie nani kwamba kafulia? Huenda katoa mkungu mzima wa ndizi. Nani kaona? Basi Pelele akaja. Digidigi akaja, akasogea mpaka pua ikagusa matete, na hakuchomwa. Wenye pembe wakaja, wenye magamba wakaja. Wengine walikuwa na shida na wengine walikuwa na shibe, na nyuma ya kiambaza vikapu vyote vilikuwa vikapu.

Pu. Pwa. Shaa. Pu.

Mkono wa Nungunungu ukachoka, akabadilisha mkono. Lundo likapungua.

Ko.

Hilo lilikuwa jiwe. Nungunungu alisikia vizuri. Na wakati ule ule, kwenye tundu la juu, aliona vidole vikirudi nje. Vidole vyeusi, vyembamba, virefu. Gulioni pale kila mtu alijua vidole vile ni vya nani.

Hondohondo akashuka chini, anapiga mabawa kwa uchungu. Akasema amemwona, yeye juu anaona kila kitu. Akaomba aruhusiwe mara moja tu, jina moja tu. Na Ngiri naye alikuwa amefika huku nyuma ya kiambaza, kwa sababu kwake hakukuwa na mtu. Alikuwa amesimama kando ya mtungi, na ile ko alikuwa ameisikia.

"Mtaje," akasema Ngiri. Safari hii hakuwa anatania. "Mimi ni mwenzako katika kazi hii. Ukimwacha huyo, kesho wote watakuja na mawe."

Nungunungu akatazama mtungi. Haukuwa umejaa. Akamwaza Mama Miiba, amelala ubavu. Akasikia huko nje vikapu vinasubiri, minong'ono, kwato zinabadilisha mguu. Akamwaza pia yule aliyetia kitu laini, pwa. Kama Ngedere atatajwa, huyo naye atajua kwamba juu ya kiambaza kuna jicho. Atarudi nyumbani akijua kwamba na yeye alionekana. Naye hatakuja tena, na wa nyuma yake hatakuja tena.

"Mimi nimeona kikapu," akasema. "Kimeingia kitupu, kimetoka kimejaa."

"Lakini mimi nilimwona," akasema Hondohondo.

"Basi kaa utazame mtoni."

Hondohondo akapanda juu ya jiwe, akageuza mgongo, akatazama mtoni. Na kutoka huko, akiwa ametazama maji, akaendelea kuita. Kibaba cha tele. Kwa kila mtu.

Nungunungu akachota. Akachota mpaka kifuu kikakwaruza mkeka. Akakung'uta mkeka, akampa wa mwisho zile chembe na kumwomba radhi. Tone la kwanza likaanguka juu ya kiambaza. Ta. Kisha la pili. Kisha mvua yote.

Mtungi waliuburuta nyumbani wakiwa wamelowa, Ngiri akiwa anasukuma kwa nyuma, hakuna aliyemwomba. Mama Miiba akaumwaga pangoni. Mlikuwa na mtama. Mlikuwa na viazi, na matunda ya mkuyu, na mizizi, na asali ndani ya jani. Mlikuwa na majani makavu, na unyoya mmoja mzuri wa bluu ambao labda ndicho kitu pekee mtu alichokuwa nacho. Na mlikuwa na mawe. Mama Miiba akayatoa mawe, akayaweka pembeni. Rundo la chakula likawa rundo, na rundo la mawe likawa rundo dogo, la kukalia mtoto.

Maji yakaingia pangoni kama kawaida yake, chururu, chururu. Hayakukuta chumvi. Yakapita, yakaenda zake mtoni. Katikati ya mvua zile Mama Miiba akajifungua, mama akala akashiba, maziwa yakashuka.

Msimu uliofuata Ngiri hakupitisha tena jino lake juu ya kibaba. Alijaza, akaacha. Wengine wanasema aliguswa moyo siku ile ya mtungi. Wengine wanasema aliguswa na wateja waliomkimbia. Mimi sijui, na sidhani kama Ngiri mwenyewe anajua. Aliyepokea kibaba alipokea kibaba kilichojaa.

Na watoto huwa wananiuliza: Nungunungu alikuwa mwema, au alikuwa anafanya biashara? Alikuwa anafanya vyote viwili, kwa mkono mmoja, na kifuu kimoja.

Basi mafunzo ya hadithi hii ni haya. Ukitoa ili watu waje, toa, si dhambi. Ukarimu huleta watu. Lakini usimfanye uliyempa awe tangazo lako. Mpe, kisha mwache aondoke na jina lake.

Na Ngedere? Alirudi msimu uliofuata, kikapu mkononi, akapanga foleni kama wengine. Alichokitia kwenye tundu la juu mimi sikuambiwa. Nungunungu alikuwa anachota, wala hakugeuka.

Hadithi yangu inakomea hapo. Niliipokea imejaa, nami nawapeni bila kuifuta juu.